Fundi Hajakuja

Hosteli ya chuo
Jumamosi, 2 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa kitandani kwa sababu meza imejaa vitu za mwenzangu wa chumba.

Wiki ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo imekwisha. Nimepangwa mapokezini, kwenye jengo la maduka na ofisi lenye ghorofa sita na lifti moja inayokohoa. Zamu yangu ni asubuhi mpaka saa nane mchana. Kisha anashika msimamizi wangu, ambaye jengo zima linamwita Bwana Sawasawa. Ukimwambia paa linaungua atakujibu "sawasawa" na kugeuza ukurasa wa gazeti. Leo saa nane imefika, bado hajakuja. Nimemngoja nusu saa, nimeondoka na njaa, na mpaka sasa sijakula.

Lakini kilichonipandisha hasira si njaa. Mwalimu wa Mawasiliano anataka kila mwanafunzi awe na daftari la tafakuri, aandike anachojifunza kuhusu kusema na watu. Nimeandika kurasa nne kwa moyo wote. Nimeandika kwamba "ngoja" na "naomba usubiri kidogo" ni muda uleule kwa saa ya ukutani, ila si muda uleule kwa mtu aliyesimama mbele yangu. Nimeandika kwamba mtu akija na hasira, nikirudia shida yake kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kujibu, mabega yanamshuka. Niliyaona kwa macho yangu. Mwalimu amenipa tano kwa kumi. Chini ameandika: "Sarufi dhaifu." Wapi? Hajaonyesha. Ni kama daktari kukwambia "unaumwa" na kufunga mlango.

Mama mshonaji wa ghorofa ya tano ananiambia, "Wewe binti ukisema, mtu anajua aende wapi." Sasa nani mkweli?

Alama ya mafunzo haya ndiyo inayotoa cheti. Nikianguka hapa, miaka miwili ya chuo imekwenda na maji. Nionyeshe makosa yangu wewe uliyekaa miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha uchapaji ukiyawinda ya watu wengine. Ila usiniue kwa wino.

Mpwa wako,
Chiriku


Nyumbani
Ijumaa, 8 Machi

Chiriku,

Marahaba. Kama kawaida nimeinakili barua yako kwa mwandiko wangu, nikasahihisha kwenye nakala. Utaikuta humu. Wino ni mwekundu kwa sababu ndio niliouzoea. Usiusome kama damu.

"Vitu za mwenzangu" ni vitu vya mwenzangu. Hilo ni la kuteleza tu, limekutoka kwa sababu mtaani kila mtu husema hivyo. Lakini kuna kosa moja ambalo umelibeba tangu darasa la sita kama mtoto anavyobeba mdoli wake, na ninadhani ndilo linalomkera mwalimu wako, ingawa ni uvivu wake kutokuonyesha. Umeandika "hajakuja". Umeandika "sijakula".

Nikueleze tena, polepole. Kuja, kula, kunywa, kufa: hivi ni vitenzi vifupi mno, mzizi wake ni silabi moja, kwa hiyo mara nyingi hutembea na ile "ku" kama mkongojo. Amekuja. Atakuja. Lakini tukifika kwenye "bado", mkongojo unaachwa nje: hajaja, sijala, hajanywa. Ukitaka kulikumbuka, sema hivi: katika "hajaja", ja ya kwanza ni wakati, ja ya pili ni mtu mwenyewe anayesubiriwa.

Na usichanganye na "hakuja". Hapo "ku" ni kitu kingine kabisa, ni alama ya jana iliyokanushwa. Hakuja: siku imepita, shauri limefungwa, kila mtu aende kwake. Hajaja: tunamtazamia, usifunge mlango. Kwa karani wa mapokezi tofauti hiyo si mapambo.

Ulivyoandika kuhusu mabega ya watu, sikugusa. Hapo nilikaa tu nikasoma mara mbili.

Mjomba wako


Hosteli ya chuo
Jumatano, 13 Machi

Shikamoo.

Nakala yako imefika jana, siku ileile niliyofukuzwa. Nimeisoma nikiwa nimekaa sakafuni na nikaichana. Kisha nikavuta boksi chini ya kitanda nikachana na nyingine zote, za tangu sekondari. Kila nikikuandikia unaichukua barua yangu, unaiandika upya kwa mwandiko wako, kana kwamba wangu unanuka, na juu yake unamwaga wino mwekundu. Barua zenyewe sijui huwa unazitupa wapi.

Sikiliza kilichotokea, na usitafute koma.

Jumatatu asubuhi lifti ilianza kusimama kati ya ghorofa. Nikampigia fundi. Akaniambia vizuri kabisa, "Binti, nina kazi mahali, nikimaliza nakuja, saa tisa hivi." Nikaweka kiti mlangoni pa lifti mtu asiingie. Saa nane nikaandika kwenye daftari la makabidhiano, kwa kalamu ya wino, kwamba lifti isitumike na nikaeleza habari ya fundi. Bwana Sawasawa akaja, akasoma, akasema "sawasawa". Nikaondoka.

Saa tisa na robo fundi amefika. Mapokezi pamefungwa. Hakuna mtu wa kumpa ufunguo wa chumba cha mtambo. Amesubiri, amegonga, ameondoka. Kiti changu kimerudishwa ofisini. Saa kumi mama mshonaji ameingia kwenye lifti na vitambaa vyake, na lifti imemkwamisha kati ya tatu na nne kwa saa mbili na dakika arobaini. Ana presha. Walipomtoa alikuwa amezimia. Sasa yuko nyumbani, anaendelea vizuri, lakini nilipokwenda kumwona mikono ilikuwa bado inamtetemeka na hawezi kutunga uzi kwenye sindano.

Na unajua Sawasawa alikuwa wapi? Anasema alikuwa ghorofa ya sita akikagua taa. Jengo zima limeona kwamba alirudi amenyolewa upya, na kola imejaa nywele.

Jana nimeitwa kwa meneja wa jengo. Sawasawa amefungua daftari. "Someni wenyewe," akasema. "Fundi wa lifti hakuja. Hakuja, basi, habari imekwisha. Ningemngojea nani? Binti huyu hajui kuandika, na mwalimu wake mwenyewe anajua." Mwandiko ni wangu, Mjomba. Lakini mimi sikuandika hivyo. Nimesema sikuandika hivyo mpaka sauti imekauka, na meneja ameniambia, "Binti, soma. Karatasi haina sababu ya kukusingizia."

Kamati ya chuo inakaa Alhamisi tarehe 28. Wakisema kosa ni langu, sina cheti.

Chiriku


Nyumbani
Jumapili, 17 Machi

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Pole sana, na mpelekee pole yule mama.

Nakala ulizochana zisikuumize kichwa. Mimi pia nilichana karatasi nyingi nilipokuwa na umri wako.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Kukaa kwangu kiwandani kulinifundisha kwamba mtu anayeandika kwa haraka huapa kwamba hakuandika alichoandika. Nimewaona wahariri, watu wazima wenye miwani miwili, wakigombana na maandishi yao wenyewe. Jicho husoma lilichokusudia. Saa nane mchana una njaa, unataka kuondoka, mkono unaandika "hakuja" wakati kichwa kinasema jambo jingine. Na kosa hilo, kwa bahati mbaya, ni zito, kwa sababu kama nilivyokueleza, "hakuja" inamwachilia anayesoma.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Usiende pale na ukali. Kiri kwamba neno ulilichagua vibaya, waombe radhi, waeleze kwamba nia yako ilikuwa "hajaja", na uwakumbushe kwamba kiti ulikiweka mlangoni. Kamati huwa na huruma kwa mtu anayejua alipokosea. Nakuandalia maneno ya kuanzia, nitayatuma wiki ijayo.

Mjomba wako


Hosteli ya chuo
Jumatano, 20 Machi

Mjomba,

Hata wewe.

Meneja hanijui. Sawasawa hanitaki. Mwalimu hajawahi kuniuliza neno moja. Hao nimewasamehe. Wewe umenifundisha kushika kalamu, na umekaa hapo kwa utulivu wako, na miwani yako miwili, ukaniandikia kwamba ninasema uongo bila kujua kuwa nasema uongo.

Mimi sikuandika "hakuja". Sikuandika kwa haraka, sikuandika kwa njaa. Niliandika: "Fundi wa lifti hajakuja. Anatazamiwa saa tisa. Lifti isitumike." Ndiyo, hajakuja. Lile kosa lako unalolipenda. Nakala yako ilikuwa njiani, ilikuwa haijanifikia, kwa hiyo niliandika kama nilivyoandika maisha yangu yote. Na hizo sentensi mbili za mwisho kwenye daftari hazisomeki. Zilikuwa mwisho wa mstari, pembeni kabisa, na sasa pembe hiyo ya ukurasa imeloa chai. Sawasawa anasema chai nilimwaga mimi. Mimi sinywi chai kazini. Tunakatazwa.

Daftari nilionyeshwa kwa muda wa kupepesa jicho, lakini kuna kitu hakikukaa vizuri. Neno lile lilikuwa refu mno. Siwezi kueleza. Lilikuwa kama mtu aliyeng'olewa jino akafunga mdomo.

Maneno ya kuomba radhi baki nayo. Na tangu jana sijakula. Sijakula, Mjomba. Weka wino wako.

Chiriku


Nyumbani
Ijumaa, 22 Machi

Mpwa wangu,

Nimekukosea. Naliandika hilo kwanza na naliandika peke yake, nisije nikalizungusha na maelezo.

Barua yako imefika saa nne asubuhi na tangu hapo sijakaa. Nimezunguka chumba hiki mpaka mama wa jirani amekuja kuuliza kama nimepoteza kitu. Nimemwambia nimepoteza akili kwa siku tano, lakini sasa nimeipata.

Chukua karatasi. Andika "hajakuja". Sasa funika herufi mbili, ile "ja" ya kwanza. Soma kilichobaki.

Unaona? Yule mtu hakuhitaji kuandika hata herufi moja. Alihitaji wembe tu. Kiwandani tulikuwa tukikwangua hivyo hivyo, kosa dogo likitokea kwenye karatasi ya mwisho: unalaza wembe, unakwangua wino taratibu, unasugua na ukucha. Karatasi inabaki safi kwa anayeitazama kwa juu. Ila inakuwa nyembamba. Waambie wailete dirishani, waiinue, mwanga upite nyuma yake. Patakuwa na kidirisha. Na watazame mkia wa herufi "a" iliyo kabla ya "k". Wewe huwa unaukata mfupi, tangu ukiwa mdogo, kwa sababu unanyanyua kalamu mno. Kama mkia huo umevutwa mpaka kwenye "k", basi kuna mkono mwingine uliokuwa unaziba pengo. Ndiyo maana neno lilikuwa refu.

Na fikiria, ungeandika "hajaja" angefanya nini? Akwangue "ja" moja, abaki na "Fundi wa lifti haja". Meneja angedhani fundi anatafuta choo.

Nimecheka peke yangu, kisha nikakasirika upya. Miaka yote nimekufundisha kwamba kosa lile linamtia aibu anayeandika. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mzima, mwenye cheo, anayeweza kulikuta kosa la mwanafunzi na kulitumia kama mlango wa nyuma. Na wale wanaomwamini wanajiita walimu wa mawasiliano. Mtu anawaambia "sikuandika hivi" nao hawainui hata ukurasa.

Sasa jambo la mwisho. Uliuliza barua zako huwa nazitupa wapi.

Sikuwahi kutupa hata moja. Ulizochana ni nakala zangu. Sikuweza kutia wino mwekundu kwenye karatasi aliyoigusa mtoto wa dada yangu, ndiyo maana nilikuwa nanakili. Zako mwenyewe ziko kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati, kwa mpangilio wa tarehe, kila moja na bahasha yake yenye muhuri wa posta. Kumi na tisa. Asubuhi hii nimezipitia zote. "Hajakuja", "sijakula", "hawajakunywa" na jamaa zake zimo mara thelathini na nne. Hakuna hata mahali pamoja ulipoandika "hakuja" ukimaanisha bado. Hata moja.

Nakutumia mkebe wote kwa posta ya haraka. Utaingia mbele ya kamati na makosa yako thelathini na manne, uyasome kwa sauti. Najua ninachokuomba.

Mjomba wako


Hosteli ya chuo
Ijumaa, 29 Machi

Shikamoo Mjomba,

Kwanza nilikuchukia. Nilifungua mkebe nikasema, huyu mzee ananitaka nijitetee kwa kuvua nguo. Halafu nikakuta ile ya darasa la sita, niliyochora paka pembeni, na umeihifadhi na bahasha yake. Nikafunga mkebe nikaenda nao.

Walikuwa watatu: Mkuu wa Chuo, Mwalimu wa Mawasiliano na meneja wa jengo. Sawasawa alikaa pembeni na gazeti limekunjwa mapajani. Nilisema kama tulivyofundishwa, polepole, nikimtazama kila mmoja. Nikamwomba meneja alete daftari dirishani. Akasema, "Binti, hatuko kwenye mchezo wa kuigiza." Nikamjibu, "Unaniambia kwamba hapa si mahali pa michezo, na nakubaliana nawe. Kwa hiyo naomba ukurasa uinuliwe." Ile mbinu ya kurudia maneno ya mtu. Mabega yake yalishuka, Mjomba. Akainua.

Kidirisha kipo. Kidogo, cha herufi mbili, kinawaka kama kipande cha ganda la yai. Na mkia wa "a" umevutwa mpaka kwenye "k", kwa wino uliokoza kuliko wangu.

Sawasawa akasema, "Amekwangua mwenyewe." Nikamuuliza, "Nikajikwangulia neno la kunifukuzisha?" Mkuu wa Chuo akauliza, kwa haki, kwani hapo palikuwa na herufi gani, nani anajua. Ndipo nikafungua mkebe.

Nilisoma. Barua ya kwanza Mwalimu alitabasamu. Ya tatu alicheka, akaziba mdomo. Ya saba hakucheka. Nilisoma makosa yote thelathini na manne, na masikio yangu yalikuwa moto, na sikuruka hata moja. Nilipofika mwisho nikasema, "Huyu ndiye mimi. Huwa naandika hajakuja. Toeni herufi mbili muone." Meneja akafunika kwa kidole. Akasoma kwa sauti ya chini. Kisha akageuka akamtazama Sawasawa, na kichwa chake ambacho nywele zimeanza kuota tena.

"Ulikuwa wapi saa tisa?"

Unajua alijibu nini? "Sawasawa." Neno hilohilo. Safari hii halikutosha.

Nimeondolewa lawama. Jumatatu narudi kazini. Yeye amesimamishwa na atahojiwa na mwenye jengo. Mama mshonaji amenitumia salamu: mikono imetulia, na anasema atanishonea sare iwe ya saizi yangu, maana hii ninaelea ndani yake.

Lakini sijamaliza kukasirika. Soma walivyoandika kwenye uamuzi wao: "Kamati inaona kwamba kama mwanafunzi angeandika kwa usahihi, kitendo hicho kisingewezekana. Hivyo anapunguziwa alama kumi za sarufi." Mtu amekwangua daftari kwa wembe na alama nimekatwa mimi. Mwalimu aliyeandika hayo ndiye yuleyule aliyenipa "sarufi dhaifu" na hakuonyesha wapi. Nikamwambia mlangoni, "Mwalimu, ungenionyesha kosa langu tarehe mosi, tarehe kumi na moja nisingeliandika." Akasema ana wanafunzi sitini. Nikasema na mimi jengoni nina watu mia mbili, na kila mmoja namwonyesha anakokwenda.

Cheti nitapata, lakini cha daraja la chini kwa sababu ya hizo kumi. Rufaa inapokewa mpaka Ijumaa ijayo na inataka mtu anayejua lugha awe upande wangu. Kila mwaka unaandika kwamba utakuja kunitazama. Mwaka wa pili unakwisha.

Hujaja.

Mpwa wako,
Chiriku


Nyumbani
Jumatatu, 1 Aprili

Chiriku,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi, kisha nimeifunika kalamu. Sikunakili. Imeingia kabatini kama ilivyo, ila sasa haina mkebe. Nitakapokuja unipe nirudi nao.

Sentensi ya kamati ni ya kweli na hukumu yao ni ya aibu, na nina mengi ya kumwambia huyo mwenye wanafunzi sitini. Nilisoma kurasa mia moja na ishirini kwa siku na kila kosa nililiwekea alama mahali lilipo. Koti nimelipiga pasi. Kalamu nyekundu iko mfukoni; safari hii haina kazi kwako.

Alhamisi saa nne asubuhi nitakuwa mapokezini kwako. Magari huchelewa. Ikipita saa nne na hunioni, fungua daftari, uandike kwa wino, na mikia ya herufi uikate mfupi kama kawaida yako: "Mjomba hajaja."

Ole wako uandike hakuja.

Mjomba wako